Mishono Tuliyokwangua Nyumbani kwa Guka

Kuna Jumamosi moja ambayo haijanitoka kichwani, Mzee. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na barabara yetu hapa Satellite ilikuwa matope matupu, kwa hivyo hakuna aliyetoka. Guka, babu yetu, aliniita mezani. Alikuwa ameshika askari mmoja mdogo, urefu wa kidole. Kofia yake ndefu nilikuwa nimeipaka nyekundu, koti nimelipaka kaki, na vifungo nilikuwa nimevitia kwa ncha ya brashi mpaka macho yakaniuma. Nilidhani ananiita anisifu.

"Nyambura, hebu kuja hapa. Huyu ni nani amemvalisha?"

"Ni mimi, Guka."

"Na kabla umvalishe, ulimwogesha?"

Unanijua, mimi sijibu haraka. Akamgeuza yule askari kwenye mwanga wa dirisha. Kutoka sikioni, kupita shingoni, hadi kwenye buti, kulikuwa na mstari mwembamba umesimama kama uzi chini ya ngozi. Kabla ya rangi sikuwa nimeuona. Rangi ndiyo iliyouonyesha.

"Umeona sasa? Umemvalisha suti na bado ana matope. Toa hiyo rangi yote uanze tena."

Mwanangu, najua mimi si mzee wa kumpa mtu nasaha. Nina miaka kumi na saba, na darasani nikiulizwa swali nainama nijifanye nafunga kamba ya kiatu. Lakini Guka ametutoka, na Mama hawezi kuisimulia habari hii bila kuinuka katikati aende nje kuangalia nguo ambazo hazijaanikwa. Kwa hivyo nimebaki mimi, na mimi naongea vizuri zaidi kwenye karatasi. Wewe ni ndugu yangu mdogo, lakini nakuita mwanangu kwa sababu nilikubeba mgongoni mpaka mwenye duka akamuuliza Mama mjukuu wake ana miezi mingapi. Siku hiyo nililia. Leo ningemwacha aseme.

Wewe unaitwa Mzee kwa sababu jina lako ni Mbugua, na Guka alikuwa Mbugua. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na akishapewa ni kama amekuwa yeye. Baba yetu alifariki kabla hujazaliwa, kwa hivyo ulipokuja, Guka alikupokea kama mtu aliyerudishiwa kitu. Alikuita "mwenzangu." Mama naye hakuweza kukugombeza kama watoto wengine. Ukimwaga uji kwenye kiti alisema, "Mzee, tafadhali, si hivyo." Majirani walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mtoto hana hata meno ya kutosha na anaambiwa tafadhali!

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana wewe huikumbuki.

Guka akiwa kijana alifanya kazi kwa mzungu mmoja mzee kule Muthangari. Huyo mzungu alikuwa na starehe yake: alitengeneza askari wadogo wa risasi, risasi ya kuyeyushwa, yale madini mazito ya kijivu yanayotolewa kwenye betri kuukuu za gari. Alipoondoka kurudi kwao, alimwachia Guka kalibu zote. Kalibu ni vipande viwili vya chuma vinavyofungwa pamoja kama viganja vya mtu anayeomba, na katikati kuna nafasi yenye umbo la askari. Unayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko, unaimimina, unangoja, unafungua. Baadaye Guka alitengeneza kalibu zake mwenyewe za wanyama, twiga, ndovu, kifaru, kwa sababu duka moja la vinyago kule tauni, katikati ya jiji, lilisema watalii wanataka wanyama. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha baada ya Baba kuondoka. Sitaki uidharau. Sare yangu ya shule ilitoka humo.

Lakini pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana, risasi hupenya kidogo. Sanamu ikitoka ina mstari unaozunguka mwili mzima. Huo ndio tuliuita mshono. Lazima uutoe kabla ya rangi. Unaukwangua kwa mgongo wa kisu, unapitisha tupa ndogo kwenye kona, kisha unapuliza vumbi. Mezani kwetu kila siku kulikuwa na unga wa kijivu. Tuliufuta kwa mkono wa sweta tukaandaa chakula hapo hapo. Mama alifagia jioni na ufagio mkavu, na ule unga ulipanda kwenye mwanga wa mlangoni, ukicheza. Nilikuwa nauona ni mzuri. Nasema ukweli.

Jumamosi hiyo, baada ya kumtoa rangi yule askari na kumkwangua upya, nilimpelekea Guka. Alipitisha kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Vidole vyangu vimekufa ganzi," akasema. "Hivi ni vya kushikia kikombe tu. Njoo nikuonyeshe ile ya wakubwa."

Akaiweka sanamu kwenye mdomo wake wa chini, akaivuta polepole, macho amefunga kama mtu anayeonja chumvi kwenye supu.

"Bado. Hapa nyuma ya goti. Jaribu."

Nikaweka mdomoni. Na ni kweli, Mzee. Kidole kilikuwa kimenidanganya, lakini mdomo ulishika uzi mdogo nyuma ya goti, mkali kama nywele. Nilifurahi! Guka alikuwa amenifundisha kitu ambacho hakuwa amemfundisha mtu mwingine. Kuanzia siku hiyo kila sanamu iliyotoka nyumbani kwetu ilipita mdomoni mwake au mwangu. Ilikuwa na utamu kidogo, utamu mbaya, kama wa kulamba kijiko cha dawa.

Wewe ulikuwa chini ya meza wakati wote. Kulikuwa na kifaru mmoja ambaye risasi haikumfika vizuri, akatoka bila mguu wa nyuma. Hangeweza kuuzwa, kwa hivyo Guka alikupa. Meno ya nyuma yalikuwa yanakusumbua, na ile pembe ilikutosha vizuri kwenye ufizi. Ulimnyonya asubuhi, ulimnyonya ukilala. Guka alikuona siku moja, akacheka mpaka akakohoa.

"Tazameni! Mwenzangu ameanza kazi. Anapima mshono!"

Tulicheka wote, hata Mama, ambaye hakuwa amecheka sana tangu Baba. Sikuambii haya ili utuone wabaya. Nakuambia ili ujue kwamba jambo la kuua linaweza kukaa katikati ya watu wanaopendana, na wakalicheka.

Kwanza ulikataa ugali. Halafu ukakataa maziwa. Tumbo lilikukaza, ukawa unalia ukijikunja, na ukiguswa unalia zaidi. Uso ulipauka kama karatasi iliyolowa. Jirani yetu Mama Shiro alikuangalia mdomoni akasema, "Ni meno tu, Mama Nyambura. Wangu alikuwa hivi hivi, na sasa ananimalizia mkate." Kwenye zahanati walikupa dawa ya minyoo. Pasta alikuja akaomba kwa sauti kubwa, ukalala, tukashukuru. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anasema uongo. Kila mtu alisema alichokijua.

Kisha maneno yakaanza kupotea. Ulikuwa nayo kadhaa. Ulisema maji. Ulisema paka. Mimi uliniita "Mbuya," na nikitoka shule ulikuwa unapiga kelele "Mbuya kuja!" kutoka dirishani. Neno paka liliondoka kwanza. Siku moja nikafika nyumbani ukanitazama tu, kama mtu anayetazama basi lisilo lake. Nilimwambia Mama. Mama alisema, "Amechoka na ugonjwa." Nilimwambia Guka. Guka alikushika kidevu na mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeanza kulegea kwenye kifundo na alikuwa ameufunga bandeji. Akakuangalia sana. "Mwenzangu, unaenda wapi?" alikuuliza. Hukumjibu.

Asubuhi moja tukinywa chai ulianguka kutoka kwenye kiti. Macho yaligeuka, mwili ukakaza, mikono ikawa inapiga sakafu. Mama alikunyanyua akatoka na wewe bila viatu. Mume wa Mama Shiro alikuwa anapakua kabichi kutoka kwenye pikapu yake. Aliacha nusu ya mzigo barabarani, tukapanda. Tulipita Woodley na Mama hakulia hata kidogo. Aliinama tu kwenye sikio lako akisema, tena na tena, "Mzee, usiende. Mzee, ngoja kidogo. Mzee, nakuomba."

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Walikuchoma sindano mpaka ukatulia. Kisha alifungua ngumi yako ya kushoto. Kifaru alikuwa humo. Ulikuwa umemshika wakati wote huo, hata ulipokuwa unapigwa na ile degedege.

"Hii ni nini?" daktari akauliza.

"Ni kitu ya kuchezea tu," Mama akasema. "Alipewa na guka yake."

Daktari alimpima yule kifaru kwenye kiganja, akimpandisha na kumshusha, kama mtu anayenunua nyanya. Akamkwaruza kwa ukucha. "Ni nzito sana. Imetengenezwa na nini?"

Mama alinyamaza. Sidhani alikuwa anaficha. Nadhani hakuwahi kuifikiria kama kitu kilichotengenezwa na kitu. Na mimi, ambaye sijawahi kumjibu hata mwalimu wa Kiswahili, nilisikia sauti yangu.

"Ni risasi. Ya betri za gari."

"Nyinyi ndio mnatengeneza?"

"Ndiyo. Ndani ya nyumba. Tunakwangua mishono mezani. Tunapima na mdomo."

Daktari alikaa kitandani kwako, pembeni ya miguu. Hakutugombeza. Hilo ndilo lilinitisha zaidi.

Guka alifika baadaye, amevaa koti lake la kanisani. Daktari alimsalimia vizuri, akamwomba anyooshe mikono yote miwili mbele, kama mtu aliyeambiwa na polisi asimame. Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulinyooka mpaka kwenye kifundo, na kiganja kikaning'inia chini, kimekufa.

"Huu ni uzee, daktari," Guka akasema akitabasamu.

"Uzee haushiki mkono mmoja na kuacha mwingine, mzee wangu. Huu ni ule ule ugonjwa wa mtoto."

Alitueleza polepole. Ule unga wa kijivu huingia kwa pumzi na kwa mdomo, na mwili hauna njia nzuri ya kuutoa. Huingia kwenye damu, kwenye mifupa, na kwa mtoto huingia kwenye ubongo. Mtu mzima huchukua miaka mingi kuonyesha dalili, lakini mtoto anayetambaa kwenye vumbi na kunyonya sanamu hahitaji miaka. Damu yako ilipelekwa kupimwa, na majibu yaliporudi yalikuwa mabaya. Yangu na ya Mama pia hayakuwa mazuri, lakini si kama yako. Dawa yenyewe ilikuwa ya sindano za paja, na zinauma vibaya. Ulilia mpaka sauti ikaisha, ukawa unalia bila sauti, mdomo wazi tu. Mama alikushika miguu. Mimi nilikushika mikono. Samahani, mwanangu. Ilikuwa lazima.

Na kabla hujaruhusiwa, daktari alisema neno moja ambalo ndilo lilivunja nyumba yetu katikati. Alisema, "Mtoto huyu hawezi kurudi pale kazi hiyo ikiendelea. Hata kidogo. Akiipata tena, sijui kama nitaweza kumrudisha."

Guka alikataa kuamini. Hakupiga kelele. Guka hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu, tukiwa kwenye ngazi za hospitali, "Nimekula na hii kazi tangu nikiwa kijana. Yule mzungu aliifanya akazeeka vizuri. Hawa watoto wa siku hizi wakikosa jina la ugonjwa wanaangalia kazi ya mtu." Akaenda zake. Wewe ulikuwa bado wodini, na kila siku niliporudi nyumbani nilimkuta mezani, kisu kimefungwa kwenye kiganja cha kulia kwa kitambaa kwa sababu vidole havikuweza kukishika. Duka la tauni lilikuwa linataka wanyama wa Krismasi. Sikumlaumu kama unavyofikiri. Niliogopa tu. Niliogopa kwamba ataendelea, na wewe utarudi, na mimi ndiye nitakuona unaanguka tena kutoka kwenye kiti.

Mama naye hakuwa na njia ya kumwambia. Lazima uelewe hili. Mke wa mtoto hamjibu baba mkwe wake. Tangu aolewe, Mama hakuwa amewahi kumwambia Guka hapana, si kwa mdomo wala kwa uso. Alimpikia, alimwita Baba, na akiwa na neno alilipitisha kwangu.

Siku uliyoruhusiwa nilienda kuwachukua wewe na Mama. Tulishuka basi, tukatembea mpaka getini kwetu, wewe mgongoni kwa Mama. Na pale getini tukasikia tupa. Krr. Krr. Krr. Dirisha lilikuwa wazi.

Mama alisimama. Nilidhani anapumzika. Akafungua leso, akakuleta mbele, akakushika kwapani mkatazamana uso kwa uso.

"Mzee," akasema.

Alisema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Haikuwa kelele, lakini ilifika mpaka ndani.

"Mzee, mimi ni mtoto wako. Tangu nije kwa hii boma sijakuuliza swali. Leo nakuuliza. Nikuingize kwa hii nyumba, ama nirudi na wewe?"

Wewe ulikuwa unaangalia kuku. Tupa ilinyamaza.

"Mzee, daktari alisema ukivuta hiyo vumbi tena utarudi kule, na hiyo siku tutarudi bila wewe. Wewe unasema ni uongo. Sawa. Wewe ni mkubwa, mimi ni nani. Lakini kichwa chako ni ngumu, Mzee! Ni ngumu sana! Mume wangu nilizika, sikukuuliza kitu. Sasa nikikuzika wewe, watu wakiniuliza nimezika nani, nitawaambia jina gani?"

Mama Shiro alikuwa ametoka na sufuria mkononi. Alisimama hapo hapo, maji yakamwagikia miguuni, hakusogea. Kila mtu kwenye ile barabara alijua Mama anaongea na nani, na hakuna mtu angeweza kusema amemvunjia baba mkwe wake heshima, maana alikuwa anaongea na mtoto wake.

Mlango ulifunguka. Guka alisimama kizingitini, unga wa kijivu umemfika kwenye kiwiko, kisu bado kimefungwa mkononi. Hakumwangalia Mama. Hata mimi hakuniangalia. Alikuangalia wewe.

"Mwenzangu," akasema, "mwambie mama yako asiingie."

Mwanangu, nilishika geti. Nilidhani anatufukuza. Nilianza kufikiria tutalala wapi, na kitabu gani nichukue kwanza. Mama alikukumbatia.

Kisha Guka akasema, "Mwambie asiingie bado. Nyumba ni chafu. Ngojeni niisafishe."

Akaenda kwenye bomba la nje akaosha mikono mpaka mabegani, kwa sabuni ya kufulia, muda mrefu, bila kutusogelea. Wewe na Mama mlilala kwa Mama Shiro siku zote tulizosafisha.

Daktari alikuwa ametuambia tusifagie. Kufagia kunainua unga tu. Ni kitambaa chenye maji, unapangusa, unasuuza, unabadilisha maji, unapangusa tena, sakafu, kuta, miguu ya viti, juu ya mlango. Guka alipiga magoti akafanya kazi hiyo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiburuta pembeni. Nilijifunga karatasi za nailoni mikononi nikachukua kitambaa cha pili. Alitaka kunikataza, akaacha. Tulipangusa hadi chini ya meza.

"Nilikufundisha vibaya," akasema, bila kuinua kichwa.

"Hukujua, Guka."

"Unafikiri yule mzungu alijua?"

"Sijui, Guka."

Akasuuza kitambaa. Maji yalikuwa meusi. Akakaa juu ya visigino vyake, akaangalia ukuta kama kuna mtu pale.

"Hakuwahi kukwangua," akasema. "Hata mmoja. Alikuwa anamimina akiwa nje, halafu ananipa mimi. Mimi ndio nilikuwa nakwangua, kule nyuma kwa stoo, na alikuwa ameniambia nisilete vumbi ndani ya nyumba yake. Halafu nikishaosha, anachukua, anapaka rangi." Akakunja kitambaa. "Na mimi nilikuwa najiona mtu mkubwa. Nilisema, ananiachia kazi ngumu kwa sababu ananiamini."

Nilimsogezea ndoo ya maji safi. Tuliendelea kupangusa.

Alifunga kalibu na risasi iliyobaki kwenye debe, akaziba kifuniko. Alikuja mtu mmoja wa kununua vyuma kuukuu, akataka vyote. Guka alimuuliza kama ana watoto. Yule mtu akasema kwa furaha, ndiyo, wa mwisho ameanza kutembea juzi. Guka akamfungia geti usoni. Mwishowe daktari alimtafutia mtu wa kulichukua debe mahali panapofaa. Na Guka alienda tauni mwenyewe, kwenye lile duka la vinyago, akawatoa wanyama wake wote kwenye rafu. Mwenye duka alimcheka. "Mzee, watalii hawali sanamu!" Guka aliendelea kuwatia kwenye mfuko, mmoja mmoja, kwa ule mkono wake mmoja, mpaka rafu ikabaki tupu.

Wewe ulirudi nyumbani. Guka hakukaa sana baada ya hapo. Walisema ni figo. Wiki zake za mwisho hakutaka ukalie kitanda chake, eti labda bado ana kitu kwenye nguo, ingawa Mama alikuwa amezichemsha zote. Ulisimama mlangoni, naye akakuangalia kutoka mbali, na hivyo ndivyo mlivyoagana.

Sasa una miaka mitano. Unatembea, unakimbia, una nguvu. Maneno yako ni machache. Mwalimu wa nasari alimwita Mama akamwambia hutulii, na kwamba watoto wenzako wanashika herufi wewe bado. Daktari anasema kilichoharibika kwenye kichwa hakirudi chote. Alisema hivyo mbele yangu na sikutaka anifiche. Kuna siku unanipiga bila sababu na kuna siku unakaa na kidole changu mkononi saa nzima. Sijui utakuwa mtu wa aina gani. Hakuna anayejua.

Kwa hivyo nasaha zangu ni hizi, na hazina urembo.

Ukipewa kazi na mtu, usiulize tu inafanywaje, uliza kwanza kitu chenyewe ni nini. Uliza hata kama mtu huyo unampenda, uliza hata kama utaonekana mjinga, kwa sababu anayekupenda anaweza kukupa sumu bila kujua, kwa mkono wa upole kabisa. Mimi bado natengeneza sanamu, za plasta, kwenye chumba cha sanaa shuleni, na bado zina mshono, kila kitu kinachotoka kwenye kalibu kina mshono. Naukwangua nikiwa nje, na maji, nimefunga kitambaa puani, na mikono naosha kabla sijagusa hata mlango. Mdomo wangu siutumii kupima chochote. Wenzangu wananiita daktari. Waache waniite. Mtu akikuachia sehemu ya kazi ambayo yeye mwenyewe haigusi, usifurahi haraka. Muulize kwa nini. Akikosa jibu, weka chini uende. Na ukiwa na haya kama mimi, ujue kwamba haya si kosa, lakini kuna siku daktari atauliza swali na chumba kizima kitanyamaza, na siku hiyo lazima useme wewe. Kama huna njia ya kusema na mtu, tafuta mahali pa kusimama ambapo atasikia, kama Mama pale getini.

Na Guka usimchukie. Ukisikia watu wakisema alikuharibu, waambie pia alipiga magoti.

Mungu akuweke, mwanangu. Akulinde na hewa unayovuta na kila kitu unachogusa, akupe watu wenye subira kila mahali utakapoenda, na akufikishe mbali kuliko daktari alivyosema. Labda hutaweza kuyasoma haya. Si kitu. Nitakusomea mimi, polepole, na tukifika mwisho nitaanza tena.